Swichi ya Jikoni kwa Bi Obdulia

Mimi nafunga viyoyozi hapa Mexicali, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na katika wateja wote niliopata ni mmoja tu aliyewahi kuniuliza swali la maana. Wengine wote wimbo wao ni mmoja. Ipi haili umeme, fundi? Ipi haipigi kelele? Ipi inapendeza ukutani? Bi Obdulia Verdugo yeye aliniuliza, "Na swichi anashika nani?" Nikacheka, nikidhani ananitania.

Hakuwa mtu wa utani, na mimi nilipaswa kujua. Nilimfahamu tangu anauza burrito, chapati za kuviringishia maharage na nyama, kwenye lango la kiwanda cha televisheni, ndoo mbili mkononi, taulo kichwani, mwezi wa saba, saa tano asubuhi, jua linakuchoma mpaka kwenye ufizi. Mwembamba, mkavu, neno samahani halijui. Ukimwambia burrito ya leo ina maharage mengi kuliko nyama, anakunyang'anya mkononi anampa mwingine, na hela yako anaitupa chini vumbini uiokote mwenyewe. Na watu walinunua hivyo hivyo. Tortilla zake za ngano, zile chapati zenyewe, zilikuwa tamu, nisimsingizie marehemu.

Kwa zile ndoo mbili akajenga. Vyumba vinane, vinne upande huu na vinne upande ule, korido katikati, na mwisho wa korido jiko lake na kitanda chake humo humo. Wapangaji wake ni watu wa viwandani, wanaolala mchana na kufanya kazi usiku, au kinyume chake. Mtu wa namna hiyo hapa kwetu hahitaji samani wala pazia. Anahitaji chumba chenye baridi. Mwezi wa nane joto linafika nyuzi hamsini, maji ya bomba yanatoka ya moto kutoka kwenye tangi la juu ya paa, hayafai hata kunawia uso. Asiye na kiyoyozi mwezi huo halali, na asiyelala anakatwa vidole na mashine za kiwandani. Hilo Bi Obdulia alilijua vizuri kabisa.

Mwanzo alifunga yale masanduku ya maji, feni linavuta hewa kupitia nyasi zilizoloweshwa. Bei chee, na mwezi wa tano na wa sita yanafaa kweli. Mwezi wa nane unyevu unapanda kutoka ghuba, sanduku linapuliza mvuke mtupu, unalala umelowa chapachapa na joto liko palepale. Wapangaji wakahama.

Akaja kwa viyoyozi vya dirishani. Hicho unatoboa ukuta, unakichomeka, kazi ya asubuhi moja. Kinanguruma kutwa kucha, lakini kinapoza. Shida ni kwamba wapangaji walikiacha kinawaka wakienda kazini, ili warudi wakute pamepoa. Bi Obdulia akawa anapita mlango hadi mlango ametega sikio, na akisikia mngurumo ndani hakuna mtu, anaingia na ufunguo wake anakata waya kwa kisu cha jikoni. Mara mbili umeme ulimrusha. Hakuacha.

Ndipo nikamfungia spliti, moja kwa kila chumba. Ya ndani ukutani, ya nje juu ya paa, katikati mabomba mawili ya shaba. Hiyo ndiyo ninayomfungia mtu yeyote ninayemtakia heri. Ikifa moja analia mmoja, wengine wanalala. Lakini shaba hapa kwetu inawindwa. Wiki moja tu ya mwezi wa saba wezi walipanda wakakata mabomba ya mashine tatu. Nikachomelea vizimba vya chuma juu ya paa, jinsi kila nyumba mtaani ilivyo, mashine zikakaa kifungoni. Wezi wakashindwa. Wapangaji hawakushindwa. Bi Obdulia alipowanyang'anya rimoti, Jumapili wakaenda mnadani wakanunua zile rimoti za peso hamsini zinazowasha mashine ya aina yoyote, wakawa wanawasha kimyakimya na kuzima wakisikia kandambili zake.

Basi akaniita. Tukapanda juu ya paa, mimi na kitabu changu cha picha.

"Kuna hii ya magurudumu," nikamwambia, "ina bomba la kutolea joto dirishani. Usiinunue. Hiyo ni ya kumtuliza mke aliyenuna, siyo ya kupoza nyumba. Na kuna hii kubwa. Mashine moja tu ya nje, mabomba yanagawanyika yanaingia vyumba vyote tisa. Kimya, ukuta msafi, kizimba kimoja badala ya vinane. Wanafunga hotelini na hospitalini. Mimi kwako siipendi, Bi Obdulia. Ile ya nje ikifa, jengo zima limekufa."

Hapo ndipo aliponiuliza swichi anashika nani.

Nilipomaliza kucheka nikamjibu. Kila chumba kina rimoti yake, nikamwambia, lakini kuna kibao cha ukutani kinachotawala vyote. Mwenye kibao anaweza kuzima chumba chochote, au kukifunga kisishuke chini ya joto fulani, na mwenye chumba akabonyeza rimoti yake mpaka kidole kiote sugu.

"Kikae jikoni kwangu," akasema.

Na siku ile ile, tumesimama kwenye lile paa linalochoma nyayo, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alizaa binti kabla ya mwanawe Gildardo. Elodia, miezi minne. Walikuwa wakiishi kwenye mashamba ya pamba, kibanda cha karatasi za lami, ametundika shuka lililolowa mlangoni. Mwezi wa nane. Akaenda kutafuta barafu kwa miguu, akakuta mwenye barafu amefunga duka amelala, akagonga, yule bwana akamwambia kwa ndani arudi saa kumi. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto hakumkuta hai. Nilimtazama nikidhani atalia. Akajifuta jasho shingoni akasema, "Sitagonga mlango wa mtu tena."

Nilimhurumia sana, nasema kweli. Na kwa huruma ile nikamfungia kile kibao vizuri kuliko nilivyowahi kufunga kitu chochote.

Jamani, mwezi haukuisha. Mpangaji aliyemjibu vibaya alirudi kazini akakuta chumba kimefungwa kwenye ishirini na tisa. Aliyeleta mwanamke, thelathini. Aliyemsaidia kubeba mitungi ya gesi, ishirini na nne. Ikawa ndiyo salamu ya jengo lile. Wanakutana koridoni asubuhi, hawaulizani habari, wanaulizana, "Uko ngapi leo?"

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu? Umempelekea nini bibi wewe?"

"Nyama ya kuchoma, robo kilo."

"Mchafu wewe."

Mzee Tranquilino wa chumba namba tano, mlinzi wa kiwanda, alikaa ishirini na tisa miaka sita. Kosa lake ni kwamba aliwahi kumwambia Bi Obdulia mbele ya watu kuwa tortilla imeungua. Nilipokwenda kusafisha vichujio akaniambia, "Fundi, mimi nimeshakuwa kuku wa kuangua mayai. Nikitaga nitakuletea." Wote tulicheka, na mimi nilicheka. Nilikula pale mara nyingi, na pesa ya matengenezo nilipata kila mwezi wa tatu.

Kisha Gildardo akaoa. Nereida, binti wa Veracruz, aliyekuja kufanya kazi kiwandani, mnene kidogo, mcheshi, anaimba akifua. Bi Obdulia alimchukia tangu siku ya kwanza, na sababu hakuificha: alikuwa na mtoto mmoja aliye hai, na huyu amekuja kumchukua. Akawapa chumba namba tatu. Nereida akapata mimba, akaacha kazi, akawa anashinda ndani.

Hapo sasa Bi Obdulia alionyesha anachokijua. Mume akitoka saa sita kasoro, chumba namba tatu kinazimwa. Kinawashwa saa kumi na mbili, Gildardo anaporudi. "Mwanamke anayelala mchana hana haja ya baridi," alisema. "Kwao kuna bahari, akaoge." Na kwetu hapa kila mtu anajua desturi ya kiangazi. Familia nzima inabeba magodoro inalala chumba kimoja kilichopoa, baba, mama, watoto, bibi, miguu ya huyu kichwani kwa yule, mpaka mwezi wa kumi. Mwezi wa nane ule Bi Obdulia akamwita mwanawe alete godoro lake jikoni. Godoro moja. Mkewe abaki namba tatu, kwenye thelathini.

Gildardo akaenda. Sina la kuongeza juu ya Gildardo. Alibeba godoro lake akaenda.

Nereida hakuwa mjinga. Aligundua kwamba mashine ya ndani ina kitufe kidogo chini ya kifuniko, cha dharura, cha kuwashia mashine rimoti ikipotea, na kwamba kile kitufe hakimsikilizi mtu, hata kibao cha jikoni. Akapata siku mbili za raha. Siku ya tatu Bi Obdulia akaona taa ya namba tatu inawaka kwenye kibao, akanipigia simu.

"Kata waya wa kile kitufe," akaniambia.

"Bi Obdulia, binti ana mimba ya miezi saba."

"Mimi nilizaa kwenye kibanda cha karatasi. Kata."

Nikaingia namba tatu na ngazi yangu. Nereida amekaa kitandani amevua karibu nguo zote, ameweka miguu kwenye beseni la maji yaliyokwisha kuwa ya vuguvugu. Nikamwambia, samahani dada, mimi natumwa tu. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Fanya kazi yako, fundi," akasema.

Nikakata. Uzi mmoja mwembamba, mweupe. Ningeweza kudanganya nimekata na nisikate, nani angejua? Lakini nilikuwa na ngazi mkononi na mteja mlangoni, na nikakata.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Nilirudi baada ya siku nne kuangalia mashine ya nje. Mchana, korido tupu, wapangaji wamejifungia. Na mwisho wa korido, mbele ya mlango wa jiko, Nereida amelala sakafuni ubavu, tumbo limeegemea vigae, mdomo na pua ameviweka kwenye upenyo wa chini ya mlango. Baridi ya jikoni ilikuwa ikivujia pale, kidole kimoja cha upenyo. Alikuwa akivuta pumzi pale huku amefumba macho. Nikasimama kama gogo. Nikasikia kandambili ndani, zinakuja. Nikadhani mlango utafunguliwa. Haukufunguliwa. Nikaona kitambaa kinasukumwa kutoka ndani, taratibu, kinaziba upenyo toka kona hii mpaka kona ile. Nereida akafumbua macho akakitazama. Kisha akaegemea ukuta akainuka, akarudi namba tatu.

Mtoto alizaliwa salama. Wa kike. Bibi yake alimpenda kuliko kitu chochote, alimbeba jikoni kutwa nzima kwenye ishirini na mbili, na mama yake akiruhusiwa kuingia wakati wa kunyonyesha tu.

Miaka mitano ikapita hivyo. Kisha mwezi wa sita mwaka juzi Bi Obdulia akaanguka jikoni, kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza kutembea, ulimi mzito, lakini akili timamu kabisa. Nereida akaamua, na Gildardo akasema ndiyo, maana hilo ndilo neno analolijua: wao na mtoto wahamie jikoni kwa mama, ambako kuna nafasi, na mama ahamie namba tatu, ambako hakuna moto wa jiko wa kumsumbua.

Mtaa mzima ulimsifu Nereida, na kwa macho haukukosea. Alimwogesha mama mkwe wake kila asubuhi. Alimchana nywele, akamlisha supu kwa kijiko, akambadilishia shuka. Ukienda kumjulia hali unamkuta bibi ananukia sabuni. Lakini kwenda kwenyewe watu walikwenda asubuhi au jioni. Mchana wa Mexicali mtu hatoki nje kumtazama mgonjwa.

Mwezi wa nane simu yangu ikalia. Nereida.

"Fundi, naomba uje namba tatu. Saa nane hivi."

Nilidhani ni mashine tu imeharibika, nikafurahi, nasema ukweli. Nilikuwa nimeshasikia fununu kutoka kwa mzee Tranquilino, ambaye tangu Nereida ashike jiko alikuwa ishirini na tatu, na bado hakuwa na furaha. Aliniambia, "Yule bibi mchana anakwaruza mlango, fundi. Mimi nalala mchana, nasikia."

Nilipofika korido ilikuwa tupu. Nereida alifungua namba tatu kwa kusukuma polepole, maana kulikuwa na kitu kizito nyuma ya mlango. Kilikuwa Bi Obdulia. Alikuwa amejitupa kutoka kitandani, akajiburuza kwa mkono mmoja mpaka mlangoni, na amelala sakafuni, shavu chini, pua kwenye upenyo. Korido ilipata baridi kidogo iliyovuja kutoka vyumba vingine, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Ndani ya chumba joto lilikuwa la tanuri. Mashine ukutani imezimwa, kama ilivyozimwa kila siku kuanzia saa sita kasoro.

Tukamrudisha kitandani, mimi mabegani, Nereida miguuni. Alikuwa mwepesi. Akanishika mkono wa shati kwa ule mkono mzima, akasema, neno moja moja, kwa taabu, "Kitufe, Crispín. Niwashie. Kitufe."

"Kitufe nilikikata, Bi Obdulia," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenituma."

Alinitazama. Alikuwa amekumbuka, nikaona anavyokumbuka.

"Unga," akasema.

Ningeuunga kwa dakika tano. Koleo lilikuwa mfukoni. Nikageuka kumtazama Nereida, ambaye alikuwa amesimama pembeni ya beseni lile lile, amefunga aproni, mtulivu. Nikamuuliza anataka nifanye nini hapa.

"Baridi ya korido inavujia humu," akasema. "Wapangaji wanalalamika. Nataka ule mpira wa chini ya mlango. Nimeona umewafungia wale jirani."

"Dada Nereida," nikasema.

"Fanya kazi yako, fundi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoka nikaenda zangu. Sikumwogopa Nereida. Wala sikuona kwamba ni haki, ingawa kidogo niliona, nisijifanye mtakatifu. Nadhani nilikuwa na aibu ya kukataa mbele yake, mimi ambaye mara ya kwanza sikukataa. Nikaenda kwenye gari, nikachukua mpira, nikapima mlango, nikakata, nikaupigilia misumari kumi na miwili kwa upande wa nje. Kazi ya dakika ishirini. Nilimsikia Bi Obdulia akivuta pumzi tu, mpaka mlango ukafungwa na hilo nalo likawa halisikiki.

Nina mazoea ya kuwafundisha wateja wangu kujaribu mpira wa mlango kwa karatasi. Ikipita chini, baridi nayo itapita. Nereida alikuwa amenisikia nikiwaeleza jirani. Akachukua daftari la mtoto, akachana ukurasa, akapiga magoti koridoni mahali pale pale alipokuwa amelala miaka mitano nyuma, akausukuma kwenye upenyo. Haukupita. Akajaribu kona ya kulia, akajaribu ya kushoto.

"Umefunga vizuri," akasema, akanikaribisha chakula. Nikala. Gildardo alikuwa mezani anatazama soka kwenye televisheni, akanisogezea pilipili.

Bi Obdulia alifariki siku kumi na moja baadaye, mchana. Daktari aliandika moyo, na sina elimu ya kumpinga. Nereida akanipigia tena, sauti imekauka kwa kilio, na kilio kile kilikuwa cha kweli, mimi najua kilio. Alitaka marehemu alazwe nyumbani mpaka kesho yake ili ndugu wa mashambani wamuwahi, na akataka nije niangalie kama mashine ya namba tatu inaweza kushuka mpaka mwisho. Nikaenda. Nikasimama jikoni mbele ya kile kibao nilichokifunga kwa mikono yangu, nikakifungulia chumba namba tatu, nikashusha mpaka kumi na sita.

Ilishuka bila shida. Ni mashine nzuri sana.

Saa tisa alasiri chumba kilikuwa kimejaa watu wamekaa kulizunguka jeneza, wanawake wamejifunga mitandio mabegani, na nje barabarani lami inayeyuka. Mzee Tranquilino alikaa karibu na mlango, mikono ameibana kwapani.

"Miaka yote niliyopanga hapa," akaninong'oneza, "sijaona chumba hiki kimepoa hivi."

Nereida alimsikia. Akainuka, akaenda jikoni, akamletea blanketi.